Risala ya Wanachuo wa Afya na Usalama Kazini kwa Mgeni Rasmi, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo, wakufunzi, wazazi na wanachuo wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu, tena kwa foleni hizi za Jiji.

Mheshimiwa, mwaka huu tumejifunza kwa vitendo kupima mzigo wa kazi jinsi mfanyakazi mwenyewe anavyouhisi. Tulitumia dodoso liitwalo NASA-TLX, la Sandra Hart na Lowell Staveland wa Marekani, lililochapishwa mwaka 1988. Mfanyakazi hujipima mwenyewe kwa mambo sita: kufikiri, kutumia mwili, kukimbizana na muda, mafanikio, juhudi na kero. Kila jambo lina mstari wa 0 hadi 100. Kisha huyalinganisha mawili mawili, jozi 15, aseme lipi limemwelemea zaidi.

Kule Buguruni tulikaa na wakala wa pesa za simu. Ameketi kivulini tangu asubuhi. Mpita njia atasema huyu anapumzika. Kumbe mkono unahesabu noti, macho yanakagua ujumbe asije akaingizwa mjini na tapeli, na mteja wa tatu anamtajia namba kwa kelele. Akikosea tarakimu moja, hasara ni yake. Mstari wa mwili aliuwekea alama mwanzoni kabisa. Wa kero akaupeleka mwisho. Mlinzi wa usiku hakuwa na wa kumharakisha, ila juhudi ya kukaa macho ilimmaliza.

Hata hivyo, alama hizi ni hisia za mhusika. Si haki kushindanisha za kondakta na za muuguzi ili kutafuta nani anateseka zaidi. Tunaona zinafaa zaidi kumpima mtu yuleyule, kabla na baada ya kubadilishiwa zamu, kwa mfano.

Changamoto hazikukosekana. Mstari wa mafanikio umekaa kinyume: kufaulu ni 0, kushindwa ni 100, hivyo mwenye haraka huweka alama upande usio wake. Mwajiri mmoja naye alitaka aoneshwe majibu kwa majina. Tulikataa.

Tunaomba vishikwambi viwili, maana madodoso ya karatasi yanalowa na mvua za masika. Tunaomba pia utufungulie milango kwa waajiri na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi. Nawe Mheshimiwa, kwa ridhaa yako, jaza dodoso moja kabla hujaondoka. Jina haliandikwi.

Tunaomba kuwasilisha.