Servo za volti 7.4 kwenye bodi yako ya roboti: mambo ya kukagua kabla ya kuwasha

Bodi za Arduino na ESP32, zile kompyuta ndogo zinazoongoza roboti, zinazoletwa dukani kwetu zikiwa zimeungua zina historia inayofanana. Mwenye roboti alianza na servo (mota zinazogeuka hadi pembe unayoziamuru) ndogo za volti 5, mambo yakaenda vizuri. Baadaye akataka mkono wa roboti unyanyue mzigo mzito zaidi, akanunua servo zenye alama ya HV (High Voltage, yaani volti kubwa), akazichomeka palepale zilipokuwa zile za zamani, kisha akaunga betri ya volti 7.4. Harufu ya kuungua ikafuata. Tukizipima servo zenyewe, mara nyingi tunazikuta nzima kabisa. Kilichokufa ni bodi, na inauma kwa sababu kuiokoa kulihitaji waya mmoja tu upitishwe kwingine.

Servo ya kawaida hufanya kazi kati ya volti 4.8 na 6. Servo ya HV imetengenezwa ichukue umeme wa betri ya lithiamu ya seli 2 bila kupunguzwa. Betri hiyo huandikwa volti 7.4, lakini ikijaa hufika 8.4, basi soma karatasi ya servo yako uone kikomo chake. Ikiandikwa 8.4, unga moja kwa moja. Ikiwa kikomo ni 7.4 au 6.8, weka kipunguza volti katikati, hata kama muuzaji amekuambia "inavumilia".

Volti hizo ni chakula cha mota iliyo ndani ya servo, hazihusiani na ishara. Ishara ni ileile ya siku zote: mpigo mmoja kila milisekunde 20, wenye urefu wa mikrosekunde 1000 hadi 2000, na 1500 ikiwa katikati. Volti 5 za Arduino Uno zinatosha kuituma, na servo nyingi huielewa hata inapotoka kwenye ESP32 yenye volti 3.3. Kwa hiyo usije dukani kutafuta bodi ya volti kubwa. Bodi uliyonayo inafaa, mradi umeme wa mota usipite ndani yake.

Angalia nyaya tatu za servo. Mwekundu ni chanya: uende kwenye betri kupitia fyuzi na swichi, usiguse Arduino wala ESP32 kabisa. Wa rangi ya machungwa, njano au nyeupe ni ishara: uende kwenye pini ya bodi. Wa kahawia au mweusi ni hasi, na huu ndio unaokwenda kote kuwili, kwenye hasi ya betri na kwenye GND ya bodi. Wapo wanaosikia "tenganisha umeme" wakatenganisha na hasi pia. Servo hapo hutetemeka, huzunguka ovyo au hukaa kimya, kwa sababu ishara hupimwa kuanzia kwenye hasi, na ikiwa hasi hazijaungana servo haina pa kuanzia kupima.

Sasa tuje mahali ambapo bodi huungulia hasa. Chukua ile bodi ya PCA9685, inayoongoza servo hadi 16 kwa amri ya bodi kuu, ambayo wengi wenu mnaitumia. Upande mmoja ina pini sita zilizopangwa hivi: GND, OE, SCL, SDA, VCC, V+. Zile mbili za mwisho zimekaa bega kwa bega lakini kazi zao ni tofauti kabisa. VCC ni ya chipu, na chipu hiyo haivumilii zaidi ya volti 5.5, ipe volti 5 ukitumia Uno, au 3.3 ukitumia ESP32. V+ ni ya servo. Ukikosea ukatia 8.4 kwenye VCC, chipu inakufa, na umeme huohuo unapita kwenye vikinza (resistor) vya SDA na SCL, nyaya za mawasiliano, hadi kwenye bodi yako kuu. Betri iunge kwenye tundu la skrubu, na ile pini ya V+ iache wazi. Soma pia volti zilizoandikwa ubavuni mwa kapasita kubwa iliyo juu ya bodi. Ikiwa imeandikwa 10, imekaribia mno 8.4; sisi hubadilisha tukaweka ya volti 16 au 25.

Sensor Shield V5 inayokaa juu ya Uno ina mtego wake. Karibu na tundu la umeme wa nje kuna kifuniko kidogo cha kuunganisha pini mbili, kimeandikwa SEL. Kikiwa mahali pake, laini ya umeme ya servo imeungana na volti 5 za Arduino. Unga betri ya 7.4 hapo bila kukitoa, na Uno imekwisha. Kitoe kwanza, kisha hakikisha kwa mita kwamba laini hizo mbili hazigusani, ndipo ulete betri.

Ampea nazo zinasahaulika sana. Servo kama MG996R ikizuiwa isigeuke huvuta karibu ampea 2.5 kwenye volti 6, ilhali tundu la USB la kompyuta kwa kawaida hutoa nusu ampea. Volti zikipanda kutoka 6 hadi 8.4, mvuto huo wa servo iliyokwama nao hupanda kwa asilimia 40, kwa mota ileile. Mkono wenye servo sita za aina hiyo hauwezi kulishwa kupitia bredibodi, ule ubao wa matundu wa kuunga bila kulehemu: vibanio vyake ni vya ampea moja hivi, na tumeona plastiki imeyeyuka hadi waya umeganda ndani. Tumia waya mnene, lehemu viungo, weka kapasita ya mikrofaradi 1000 karibu na servo.

Ukitumia ESP32 na kwenye skrini ukaona "Brownout detector was triggered", usianze kufuta programu na kuiandika upya. Bodi inakuambia kuwa volti zake zimeshuka wakati servo zinavuta. Ipe bodi kipunguza volti chake peke yake kutoka kwenye betri, tatizo litaondoka.

Upande wa programu kuna jambo moja linaloua servo polepole. Maktaba ya Servo ya Arduino, usipoielekeza, hutafsiri nyuzi 0 kuwa mikrosekunde 544 na nyuzi 180 kuwa 2400. Servo nyingi haziwezi kufika huko. Gia inagonga ukuta wake wa ndani, mota inaendelea kusukuma, unasikia mvumo, na mwili wa servo unapata moto. Kwa volti 8.4 moto huo ni mkali zaidi. Anza na amri ya writeMicroseconds(1500), sogea kidogo kidogo kila upande hadi usikie mvumo, rudi nyuma kiasi, kisha uandike mipaka hiyo kwenye amri ya attach. Servo zikiwa nyingi, ziamshe moja baada ya nyingine kwa kuachanisha nusu sekunde, zisivute zote kwa pamoja.

Tunalehemu nyaya za umeme kwa kipimo cha roboti yako, zikiwa na fyuzi na swichi, na tunapima servo unazonunua kwetu mbele yako kwa volti utakazotumia. Ukija, beba bodi, servo zote, betri, na picha ya jinsi ulivyounga. Betri iliyovimba usije nayo kwenye daladala. Piga simu kwanza tukueleze la kufanya.