Kiporo cha televisheni nacho ni chakula

Ndugu Mhariri,

Msomaji mwenzangu alilalamika humu kwamba zile sehemu za vichekesho vya televisheni zinazorudisha vipande vya zamani ni kiporo, tunaibiwa muda.

Kwamba ni kiporo, sibishi. Ni njia ya kubana matumizi: waigizaji wanarekodi maongezi machache, mengine yanatolewa kabatini. Chukua kichekesho cha Friends, cha marafiki sita wa New York: kilirushwa Marekani kuanzia 1994 hadi 2004, sehemu 236. Kwa wingi huo lazima jikoni pachoshe. Sehemu ile ya mwaka 2000, Joey, mmoja wa marafiki hao, anapogombea kuigiza na roboti, hata mimi naona vipande vimebandikwa tu.

Lakini ile ya Desemba 2002 naitetea kwa moyo wote. Mkesha wa Krismasi Chandler, rafiki mwingine, yuko kazini Tulsa, Oklahoma, wakati mkewe Monica na rafiki zao wako New York. Anaanza kukumbuka Krismasi zilizopita, na kumbukumbu hizo ndizo vipande vyenyewe.

Mimi ni dereva wa lori. Krismasi iliyopita ilinikuta mpakani mwa Zambia na Kongo na mzigo wa salfa, siku ya nne foleni haijasogea. Simu nimeiegemeza kwenye usukani, naitazama sehemu hiyo, utingo amelala, sufuria ya maharage imepoa miguuni. Vile vipande nilishaviona vyote. Hata hivyo, kila kimoja kilipoisha tukarudishwa kwa Chandler, mimi nilikuwa nimeshafika kwetu Tukuyu: mbuzi ametundikwa kwenye mparachichi, watoto wa dada wanagombea maini, mama anawafukuza na mwiko mkononi. Mwaka ule mwiko ulivunjika, akasongea ugali kipande kilichobaki. Nilikuwa sijakikumbuka kisa hicho kwa miaka.

Ndivyo anavyoishi mtu aliye mbali na kwao, ndugu msomaji. Jipya hana, anapasha la jana. Kwa hiyo mimi sehemu ya namna hii naipima kwa jambo moja: anayekumbuka ana sababu gani ya kukumbuka leo? Mwandishi akiniwekea sababu hiyo, vipande vile vile nitavila mara kumi.

Chandler aliacha kazi ile, akarudi kwa mkewe. Mimi geti lilinifungukia tarehe 27, nikaingia Kongo.

Msomaji wako,
Dereva wa masafa marefu, Mbeya