Barua ya wazi kwa shangazi: mwachie mwanao afanye mwenyewe

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeamua kukuandikia hadharani, bila kukutaja jina wala kumtaja mwanao, kwa sababu hapa Dar es Salaam zipo nyumba nyingi zenye mtu aliyeruhusiwa kutoka wodi ya magonjwa ya akili na ndugu wasiojua waanzie wapi.

Dawa zimemsaidia sana mwanao. Sauti zimepungua, usingizi umerudi, na nakusihi asiziache hata akijiona mzima, kwa kuwa kuacha dawa ni miongoni mwa sababu kubwa zinazowarudisha wodini wagonjwa wa skizofrenia, yaani ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo. Lakini dawa haimfundishi mtu kupanga siku yake, kutunza fedha, kuzungumza na majirani au kurudi kazini baada ya ugonjwa kumpokonya mazoea hayo. Hiyo ni kazi ya utengamao, yaani kumsaidia mgonjwa arudie maisha yake ya kawaida, nayo huchukua muda mrefu kuliko kulazwa.

Niwie radhi kwa nitakalolisema. Unamfulia, unampakulia, unamnunulia vocha, na mgeni akimsalimu unajibu wewe. Najua unayafanya hayo kwa mapenzi, na kwa hofu ya yale mliyoyapitia. Hata hivyo, uchunguzi ulioanzishwa na mtafiti George Brown na wenzake mjini London katika miaka ya 1950 ulikuja kuonyesha kwamba wagonjwa waliorudi katika nyumba zenye lawama za kila siku, au zenye ndugu anayejiingiza mno katika kila jambo lao, waliugua tena mara nyingi zaidi kuliko wengine. Simaanishi kwamba wewe ndiye uliyeleta ugonjwa. Haikuwa hivyo kabisa. Ninachosema ni kwamba namna tunavyoishi naye sasa ni sehemu ya matibabu yake.

Juzi nilipokwenda naye sokoni Tandika, tuliandika kwanza kwenye daftari vitu vitatu, yaani nyanya, vitunguu na dagaa, kisha tukafanya mazoezi ya kumwomba konda chenji. Sokoni nilisimama nyuma yake hatua chache. Mbele ya meza ya dagaa alikwama, watu wakaanza kumpita kwa kumsukuma, nami nikajizuia nisimsemee. Alivuta pumzi, akatazama daftari, akauliza bei, akaiona kubwa, akahamia meza ya pili. Mimi si mtaalamu. Mwongozaji aliyefunzwa, yaani mtu anayemsindikiza mgonjwa katika mazoezi kama hayo, hufanya kazi hiyo kwa mpango ulioandikwa, kwa lengo alilolichagua mgonjwa mwenyewe, na chini ya usimamizi wa mtaalamu anayefuatilia maendeleo.

Mjukuu wako naye asisahauliwe. Tangu baba yake augue, hazungumzi darasani na hugombana na wenzake, na kumchapa au kumwita mkaidi hakutamwondolea woga alionao. Katika jimbo la Massachusetts, Marekani, kesi iliyofunguliwa kwa niaba ya watoto iliilazimisha serikali kupanua huduma, na tangu 2009 watoto na vijana walio chini ya miaka 21 wenye bima ya serikali na matatizo makubwa ya kihisia huweza kupewa mwongozaji wa ana kwa ana, anayewafundisha kutulia, kujieleza na kupatana na wenzao katika maisha yao ya kila siku. Mtoto wetu anahitaji mtu mzima wa namna hiyo, mwenye subira na asiyebadilika kila wiki.

Kuhusu kazi, naona umeifunika cherehani kwa shuka. Mjini New York, watu waliotoka hospitali ya akili walianzisha kituo chao kiitwacho Fountain House mwaka 1948, na hadi leo wanachama wake hupika, hupokea simu na kufanya kazi za ofisini bega kwa bega na wafanyakazi. Mwanao ni fundi, shangazi. Naomba cherehani irudi barazani, aanze na kupinda suruali moja au mbili kwa siku.

Siku ya kliniki, mwombe daktari awaunganishe na mtaalamu wa tiba kazi, anayemsaidia mgonjwa kurudia shughuli za kila siku, pamoja na afisa ustawi wa jamii, na maswali yanayomhusu mwanao umwachie ajibu mwenyewe. Akianza tena kukosa usingizi, kujitenga au kusema peke yake, msingoje tarehe ya kliniki, mpelekeni mapema. Nitakuja Jumamosi, na nitamwomba yeye aniambie tuanze na lipi.

Wako akupendaye,
Mpwa wako