Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: mashine ya pumzi ipande na mwenyewe

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya usafiri wa anga,
Zanzibar.

Assalaam alaykum, Mheshimiwa.

Kwa heshima na taadhima tunakuandikia hadharani, kwa kuwa barua mbili tulizozileta kimya kimya zimejibiwa kwa neno moja: "linashughulikiwa". Tuliahidiwa kwa mdomo kwamba waraka wa kumruhusu mgonjwa apande ndege na mashine yake ya pumzi ya usingizini utatoka kabla ya Ramadhani. Ramadhani imepita, Idi imepita, na sasa mahujaji wanafunga mizigo. Waraka hatujauona.

Wiki iliyopita abiria mmoja, mtu mzima wa Pemba, alifika chini ya ngazi ya ndege ndogo akiwa na mfuko wa mashine ya pumzi begani. Mfuko ukavuliwa begani, ukatiwa kwenye tumbo la ndege pamoja na masanduku na makapu. Aliposhuka upande wa pili mfuko haukuwamo. Uzito ulizidi, ukateremshwa dakika ya mwisho, "utafuata kesho". Hatuitaji kampuni, hatukitaji kiwanja, wala hatutafuti mtu wa kufukuzwa kazi. Tunachotaka kueleweka ni kwamba ule usiku wa kungojea "kesho" ndio usiku ambao mashine ilihitajika.

Wapo wanaodhani maradhi haya ya kukatika pumzi usingizini ni kukoroma tu, na pengine ndiyo sababu jambo hili halipewi uzito. Mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Kwa mwenye maradhi haya njia ya hewa hujifunga kabisa au hubaki upenyo mdogo, na pumzi hukatika kwa sekunde 10 au zaidi. Oksijeni hushuka kwenye damu, ubongo hushtuka, mtu anahema kwa nguvu, kisha analala tena bila kujua kilichompata. Anayekatika pumzi mara 30 au zaidi kwa saa huhesabiwa kuwa na maradhi makali. Piga hesabu ya saa saba za usingizi: ni mara 210 kwa usiku mmoja. Presha hupanda, moyo hufanya kazi ya ziada, na asubuhi mtu anasinzia kwenye usukani.

Dawa yake kubwa ni mashine ambayo madaktari huiita CPAP. Ni kazi ya daktari Colin Sullivan na wenzake wa Australia, walioitangaza mwaka 1981. Ndani yake mna feni ndogo inayovuta hewa ile ile ya chumbani, kuipitisha kwenye chujio na kuisukuma kwenye mpira wa kupitishia hewa hadi kwenye barakoa ya puani, ili shinikizo la hewa lizuie koo lisijifunge. Basi. Haitengenezi oksijeni, haihifadhi oksijeni, haina gesi yoyote ndani yake.

Tunalikazania hili la oksijeni kwa sababu tunashuku ndipo matatizo mengi yanapoanza. Mkaguzi anaona mpira, anaona barakoa, anakumbuka mtungi wa hospitali, na mtungi wa oksijeni kweli una masharti makali ndani ya ndege. Lakini mashine hii hufanya kazi kwa shinikizo la sentimita 4 hadi 20 za maji. Hata ikifika kileleni haitimizi psi 0.3 (kipimo kile kile cha upepo wa matairi), wakati tairi la gari hujazwa psi 30 na kuendelea. Hakuna kitu cha kuripuka kwenye mpira ule. Ukiutoa kwenye mashine na kuutizama, utaona mwanga upande wa pili.

Chenye hatari kwenye mfuko ni betri ya akiba, Mheshimiwa, na hapo ndipo utaratibu wa sasa umekwenda kinyume kabisa. Kanuni za kimataifa za kubeba vitu vya hatari kwa ndege, zinazotokana na Kiambatisho cha 18 cha Mkataba wa Chicago wa usafiri wa anga, zinasema betri ya lithiamu ya akiba isiwekwe kwenye mzigo wa chini hata siku moja. Ikae na abiria. Sababu yake ni nyepesi: betri ikipata shoti hupata moto wenyewe kwa wenyewe, na moto huo hujilisha. Ukitokea kwenye viti, watu wanauona na wanaumwagia maji. Ukitokea kwenye tumbo la ndege ya injini moja, hakuna anayeweza kufika huko angani. Kwa hiyo anayemvua abiria mfuko na kuutia chini bila kuufungua, akidhani analinda usalama, ndiye anayepeleka betri mahali ilipokatazwa.

Na kuijua betri hakuhitaji chuo. Ugeuze mgongo wake, usome kibandiko. Kama imeandikwa Wh, yaani wati-saa, soma namba hiyo. Kama haikuandikwa, zidisha volti kwa ampea-saa (Ah): betri ya volti 24 na Ah 4 ni Wh 96. Kama kibandiko kinasema mAh, yaani mili-ampea-saa, gawa kwa 1,000 kwanza upate Ah. Isiyozidi Wh 100 inapita bila kibali. Ya zaidi ya 100 hadi 160 inataka idhini ya shirika la ndege, na zisizidi mbili. Ya zaidi ya 160 haipandi na abiria. Vichwa vya betri vizibwe kwa utepe, au kila betri iwe kwenye mfuko wake, ili funguo au sarafu isije kuviunganisha. Betri ambayo kibandiko chake kimefutika mkaguzi ana haki ya kuikataa, na wenye mashine tunawaambia wazi: msisafiri na betri isiyosomeka.

Tumeshaulizwa kaunta kwa nini mtu abebe betri wakati hotelini kuna umeme. Mheshimiwa, umeme wetu unapita chini ya bahari. Waya wa Unguja ulipoharibika Disemba 2009, kisiwa kilikaa gizani takriban miezi mitatu, hadi Machi 2010. Siku hizi umeme hukatika kwa saa, lakini saa tatu za usiku zinatosha kumharibia mgonjwa usiku mzima. Betri ya Wh 96 humfikisha mtu asubuhi kwenye mashine nyingi, kwa sharti azime kipasha maji, kile kinachotia unyevu kwenye hewa, na kipasha joto cha mpira. Akiviwasha, huenda isimalize usiku. Na hewa yetu ya pwani ina unyevu wa kutosha, watu wengi hulala vizuri bila kipasha maji.

Sasa njoo kwenye ukaguzi. Hatuombi mashine isikaguliwe. Ikaguliwe. Eksirei haiidhuru. Abiria aitoe mashine kwenye mfuko, kama inavyotolewa kompyuta ya mapajani, na barakoa na mpira vibaki mfukoni. Lakini itizame trei inapowekwa. Ni trei ile ile iliyobeba viatu dakika moja nyuma. Nyuma ya mashine pana kidirisha kidogo cha chujio, na hapo ndipo hewa ya kwenda mapafuni inapoingilia. Mashine ikilazwa kwa mgongo, chujio linagusa vumbi la viatu. Dawa yake ni mfuko wa plastiki safi, unaoonyesha ndani, ambao abiria anakuja nao mwenyewe; mashine itiwe humo kisha ndiyo ipite. Akitaka mkaguzi kuipangusa kwa kile kitambaa cha kutafutia chembe za baruti, abadilishe glavu na atumie kitambaa kipya, kwani kilichopangusa begi la mtu mwengine hakifai kupangusa kitu kinachokwenda puani.

Tangi la maji la kile kipasha ni lawama yetu wenyewe, tunakiri. Wenye mashine wengi husahau kulimwaga. Tangi likiwa na maji, mfuko ukilazwa ubavu, maji hurudi kwenye feni na ubao wa umeme, na hapo mashine imekufa. Matengenezo yake hapa visiwani ni shida, na mpya bei yake huhesabiwa kwa milioni. Limwagwe nyumbani, lipanguswe, na ikiwezekana litolewe lisafiri peke yake. Maji ya safari yasibebwe. Ukifika, chupa ya maji ya kunywa inatosha kwa siku mbili tatu, tangi lioshwe kila asubuhi. Maji ya bomba yetu yametoka kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa. Kila mwenye birika anajua magamba meupe yanayobaki chini, na magamba hayo hayo hushika kwenye tangi. Na tafadhali, maji ya betri ya gari yasitumike hata kidogo, khasa kwa vile duka lile lile huuza na asidi katika chupa zinazofanana.

Linalobaki ni uzito, na hapa tunaelewa shida ya marubani. Ndege ndogo zinazokwenda Pemba hazina makabati juu ya viti, na mzigo hupimwa kwa kilo, mara nyingi kilo 15 kwa mtu. Lakini mashine yenyewe ni kilo moja na kitu. Ukitia mpira, barakoa, adapta, betri na mfuko, haifiki kilo 4. Inakaa chini ya kiti cha mbele. Isipoenea, inakaa mapajani mpaka ndege iwe tayari kuruka, halafu rubani aseme pa kuibana. Kama ni lazima kitu kiteremshwe ili ndege ipate uzito wake, literemshwe sanduku la nguo. Marekani kanuni inasema wazi kuwa kifaa cha tiba hakihesabiwi katika idadi ya mizigo ya mkononi. Hapa mgonjwa analipishwa kilo za ziada kwa kubeba pumzi yake.

Kuna anayesema wagonjwa wapande boti. Wengine hupanda. Lakini anayekwenda India kutibiwa, au Maskati kuwaona ndugu, au Makka kuhiji, hana boti ya kumfikisha. Mahujaji ndio wanaotutia wasiwasi zaidi wakati huu. Plagi yetu ya pini tatu bapa inaingia Jidda na Maskati bila taabu, na adapta ya mashine hukubali volti 100 hadi 240, kwa hiyo Saudia hakuna cha kubadilisha. (Wa India wabebe kibadilisha plagi, kule pini ni za mviringo.) Lakini kwenye mahema ya Mina, soketi ya kugombania na mahujaji wengine si ya kutegemea, na betri iliyokataliwa nyumbani hainunuliki njiani.

Upande wetu tumeshajipanga. Tunawaambia wenye mashine wapige simu kwenye shirika saa 48 kabla ya safari, waulize jina la waliyezungumza naye na waliandike. Wabebe barua ya daktari yenye jina kama lilivyo kwenye pasipoti, jina la maradhi, aina ya mashine, namba yake ya utambulisho na shinikizo aliloandikiwa, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Wafike mapema. Wafungue mfuko bila kununa. Yote hayo wanafanya, na bado wakifika mlango wa mwisho anatokea kijana mwenye vesti ya kung'aa ambaye hakuambiwa lolote na mtu yeyote, anavuta mfuko. Kijana huyo hatumlaumu. Hakuna karatasi aliyopewa.

Karatasi hiyo ndiyo tunayoiomba, Mheshimiwa. Hatuombi jengo, hatuombi fungu la bajeti, hatuombi semina. Tunaomba waraka wa ukurasa mmoja, uliopigwa muhuri, ubandikwe kwenye kila kaunta, kwenye kila meza ya ukaguzi na kwenye kila mlango wa kutokea kwenda ndegeni, Unguja na Pemba. Ili ofisi isipate tabu ya kuandika, maneno tunayaleta:

"Mashine ya pumzi ya usingizini ni kifaa cha tiba. Haina oksijeni. Itakaguliwa ikiwa ndani ya mfuko safi wa plastiki, kwa glavu mpya. Haitahesabiwa katika kilo wala idadi ya mizigo ya abiria. Betri ya akiba isiyozidi Wh 100 itapanda na abiria, na ni marufuku kuiweka kwenye mzigo wa chini. Mashine haitatenganishwa na mwenyewe kwa sababu yoyote isipokuwa kwa amri ya rubani, na rubani akiamuru hivyo, mashine itasafiri kwenye ndege ile ile na betri itabaki kwa abiria."

Mkitaka kupunguza maneno, punguzeni. Mkitaka kupanga upya, pangeni. Sentensi ya mwisho tu ndiyo tunayokuomba usiiguse, kwa sababu bila hiyo nyengine zote hazimfai mtu aliyeshushwa Chake Chake saa moja ya usiku na mfuko wake umebakia Unguja.

Barua ya tatu hii, Mheshimiwa. Muhuri uko mezani kwako.

Ni sisi watiifu wako,
tunaolala kwa mashine na tunaozitengeneza zikiharibika,
Unguja na Pemba.