Huyo wa Thiksey bado hajafika

Mwanangu kipenzi,

Picha ya lile sanamu nimeiona na swali lako limenichekesha, eti "mama, Budha si aliacha utajiri wote, huyu mataji na mahereni ya nini?" Sasa ngoja nikueleze, maana na nyie mnapanda Leh, huko Ladakh kaskazini mwa India, karibuni na sitaki ufike hapo monasteri ya Thiksey upige selfi tu uondoke.

Huyo siyo Budha unayemjua wewe. Yule Siddhartha alishakuja akafundisha akaondoka, ndo maana mara nyingi wanamvisha joho la mtawa tu hana hata pete, yamebaki yale masikio marefu yaliyovutwa na hereni nzito alizovaa enzi za utoto wa kifalme. Wa kwenye picha yako ni Maitreya, Budha ajaye. Wanaamini saa hizi yupo kwenye mbingu yao inaitwa Tushita anasubiri zamu, atashuka siku watu wakiwa wameshasahau mafundisho yote aanze upya. Sasa kwa kuwa bado hajawa Budha kamili, ni bodhisatva, anavishwa kama mwana wa mfalme, yani vito vile ndo fadhila alizojikusanyia, siyo mali. Bibi yako akisikia nakusimulia habari za masanamu atanikalisha kikao, lakini na sisi si tunamsubiri Nabii Isa arudi? Kwa hiyo usiwacheke.

Liangalie vizuri lile taji, lina vibudha vitano. Hapo ndo patamu. Kila mmoja kati ya hao watano anasimamia hekima moja, na kila hekima inatoka kwenye sumu ya moyo, kuna hasira, kiburi, tamaa, wivu na ujinga, na wenyewe wanasema hasira huitupi, unaigeuza mpaka inakuwa uwezo wa kuona mambo kama kioo kinavyoonyesha, bila kuongeza wala kupunguza. Mimi hilo limenikaa kichwani tangu nasoma Delhi na sijui watu wangapi wanapita chini ya taji lile bila kulisoma.

Alafu angalia miguu. Maitreya wengi utawakuta wamesimama, au wamekaa miguu imeshuka chini kama mgeni aliyeshaaga anatafuta viatu, maana yake yuko njiani anakuja. Huyu wa Thiksey kakunja miguu katulia zake, siyo kawaida kabisa, na mimi nampendea hapohapo. Ana kama mita 15, amechukua ghorofa mbili, na mlango unakuingiza juu, kwa hiyo unakutana na uso kwanza, miguu mpaka uinamie chini. Wamemjenga kwa udongo, shaba na dhahabu kukumbuka ziara ya Dalai Lama, kiongozi wa dini wa Watibeti, ya mwaka 1970, yani monasteri yenyewe ni ya karne ya 15 ila sanamu ni kama rika la wazazi wako, watu wengi wanadhani ni ya kale.

Na usidhani wanaabudu udongo. Kwa desturi ya Kitibeti sanamu inajazwa ndani karatasi za dua zilizoviringishwa, inasomewa, inafunguliwa macho, ndo inahesabika. Kabla ya hapo ni kazi ya fundi tu.

Ukiingia vua viatu, zunguka kufuata mshale wa saa, na usikae ukamnyooshea miguu. Na tafadhali, Leh iko mita 3,500, mkishuka kwenye ndege pumzikeni siku mbili kwanza, msijifanye vijana.

Mkipata nafasi vukeni ile njia ya mlimani ya Khardung La mwende Diskit, bonde la Nubra. Kuna Maitreya mwingine wa mita 32 amekaa nje juani, Dalai Lama alimzindua 2010, wakati wangu hakuwepo. Huyo ameelekezwa upande wa mto Shyok unakoteremkia Pakistani, kawekwa akilinde kijiji na vita isirudi tena, na ukizingatia mwaka 1999 India na Pakistani walipigana huko Kargil unaelewa kwa nini hawakumgeuza aangalie kijiji. Nataka picha yake ya mbele, na nyingine uipige ukiwa nyuma ya mgongo wake ili nione anachokiangalia. Nubra wageni wanahitaji kibali, mkatiwe na wakala palepale Leh kabla hamjakodi gari.

Mama yako