Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mwaka jana mliiagiza kamati iweke kando kwanza habari za pengwini, ifuatilie jambo moja: mafuta yanayoungua kuwafikisha watafiti na mizigo yao kwenye ncha za dunia. Tumelifuatilia, na kusema kweli limenigusa kuliko nilivyotarajia.

Swali lililotuongoza aliliuliza mwenzetu, dereva wa malori ya masafa marefu: "Huko hakuna sheli njiani. Anayepeleka mafuta anarudi na yapi?" Hapo ndipo penye kiini. Kituo cha Amundsen-Scott cha Marekani kiko kwenye Ncha ya Kusini yenyewe, mita 2,835 juu ya usawa wa bahari. Kwa miaka mingi mafuta yake yalipelekwa na ndege za Hercules zenye mbao za kutelezea thelujini, zikitokea McMurdo, kituo kingine cha Marekani kilichoko pwani. Ndege huchoma ikienda, na sharti ibakize ya kurudia. Kinachoshushwa ni salio.

Baadaye ikafunguliwa njia ya matrekta, kama kilomita 1,600. Kuipata kulichukua misimu kadhaa, maana karibu na McMurdo barafu ina nyufa kubwa zilizojificha chini ya theluji. Ikabidi zilipuliwe, kisha zifukiwe. Msafara wa kwanza ulifika Ncha mwishoni mwa 2005. Matrekta huburuta mifuko ya mafuta, kila mmoja ukichukua kama lita 11,000, imelazwa juu ya mashuka ya plastiki ngumu yanayoteleza. Ni safari ya majuma, lakini msafara mmoja huokoa safari zipatazo 30 za ndege. Injini mpya haikuvumbuliwa; kilichobadilika ni ubebaji. Hili ndilo ninalotaka mwondoke nalo leo.

Baharini, tangu Agosti 2011 meli haziruhusiwi kubeba wala kutumia mafuta mazito kusini mwa latitudo ya nyuzi 60 Kusini. Tusisahau Bahía Paraíso, meli ya Argentina iliyozama karibu na kituo cha Palmer mwaka 1989 na kumwaga dizeli palipokuwa na makundi ya ndege wa baharini. Nilipowasomea habari hiyo, ukumbi ulinyamaza.

Pia tulisoma habari za mitambo mitatu ya upepo katika kisiwa cha Ross, iliyokuwa ikipunguza dizeli ya kuzalishia umeme huko McMurdo na Scott Base, kituo cha New Zealand, na kwa hiyo mzigo wa meli ya mafuta.

Kuhusu chama, hesabu atazisoma mweka hazina. Vikao viwili viliahirishwa kwa kukosa ukumbi, nami nawaomba radhi waliosafiri bure.

Mwaka ujao kamati inapendekeza tuigeukie Afrika Kusini, nchi pekee ya bara letu yenye kituo Antaktiki, tujifunze jinsi meli ya S.A. Agulhas II inavyokihudumia kituo cha SANAE IV kutoka Cape Town. Mkiridhia, tutawaandikia. Maswali yenu yamfikie katibu kabla ya kikao kijacho. La dereva wetu litatangulia.