Barua ya wazi kwa vijana wanaoingia kazi ya udhibiti wa nyuklia

Wanangu,

Nasikia baadhi yenu mmeshaajiriwa na wengine bado mko masomoni. Kabla hamjazama kwenye hesabu za mionzi, someni habari za Marekani ya miaka ya 1950.

Sheria ya 1954 iliipa Tume ya Nishati ya Atomiki kazi mbili kwa mpigo: kuhimiza vinu vya nyuklia vya umeme vijengwe, na kulinda watu dhidi ya vinu hivyohivyo. Mwaka 1956 yakaja maombi ya kujenga kinu cha Fermi 1, kando ya Ziwa Erie, kusini mwa Detroit. Kamati ya wataalamu wa Tume yenyewe ikaandika mwezi Juni kwamba taarifa zilizopo hazitoshi kuthibitisha kuwa kinu kitakuwa salama mahali pale. Tume ikaukalia waraka. Seneta Clinton Anderson, mwenyekiti wa kamati ya bunge iliyoisimamia Tume, alipouomba, akaambiwa ataupata iwapo atautunza kwa siri. Akakataa. Agosti kibali cha ujenzi kikatoka. Chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari kikaenda mahakamani kukipinga kibali, na mwaka 1961 Mahakama ya Juu ikaipa Tume ushindi.

Tarehe 5 Oktoba 1966 bati la metali ya zirkoniamu liling'oka ndani ya kinu, likaziba njia ya sodiamu ya kupozea, na sehemu ya fueli ikayeyuka. Hakuna aliyeumia. Tena bati lile liliongezwa kwa ajili ya usalama, kwa hiyo hata hatua ya usalama inaweza kuleta hatari; mkishapewa muhuri msijione malaika.

Jeshini kulikuwa kubaya zaidi, maana vinu vya jeshi havikupitia leseni kabisa. Kule Idaho, kwenye kinu kidogo cha SL-1, fito za kudhibiti, zinazozuia nguvu ya kinu isipande kupita kiasi, zilikuwa zikikwama na wahusika walijua. Usiku wa 3 Januari 1961 fito ya katikati ilivutwa kwa mkono, kama nusu mita hivi, na wanajeshi 3 wakafa. Aliyebuni kinu alikuwa mmoja, mwendeshaji mwingine, kilijengwa kwa ajili ya jeshi, msimamizi ofisi ya Tume. Kila mtu alidhani mwenzake ndiye anayeangalia.

Mtanitajia Rickover, admirali aliyeongoza ujenzi wa nyambizi za nyuklia, aliyekuwa ndani ya Tume na ndani ya jeshi la majini kwa pamoja, na vinu vya nyambizi zake vikaenda salama. Sawa, ila Rickover wa pili mtampata wapi? Mwaka 1974 Bunge lao liliivunja Tume na kuukabidhi udhibiti kwa chombo cha peke yake, kilichotengwa na kazi ya kuhimiza.

Kenya imetenganisha kazi hizo mbili tangu 2019, nami nawapongeza. Lakini watu wa Uyombo, Kilifi, walioandamana mwaka 2024 kupinga kinu kilichopangwa kujengwa kwao, hawakuwa wanauliza muundo wa taasisi. Maombi ya kwanza yakifika mezani kwenu, wekeni maoni ya wataalamu hadharani kabla ya kibali, hata yale ya kupinga, hata kama waziri ameshapanga siku ya kuweka jiwe la msingi.

Wenu,
Mwalimu mstaafu wa fizikia